UCHAMBUZI: Aliyetoka kanisani bila kuingia msikitini ana makao gani Mombasa?

MTU akiacha kanisa lake katika kisiwa cha Mombasa, swali la kwanza analoulizwa ni amehamia wapi. Muulizaji hutarajia jibu moja kati ya mawili: kwamba amejiunga na kanisa jingine lenye mchungaji anayempendeza zaidi, au kwamba amesilimu. Majibu hayo yote mawili hueleweka, hata na wale yanaowaudhi. Lisiloeleweka ni jibu la tatu, kwamba hakuhamia popote. Kwamba ameshindwa kuendelea kukiri jambo asiloweza kulithibitisha, na sasa anaishi na maswali yake bila mchungaji wala imamu.

Wakenya wa jibu hilo la tatu wapo, ingawa wengi wao hawajitangazi. Waliokoka ujanani, wakakesha katika maombi, wakanena kwa lugha, wakatoa fungu la kumi, na baadhi yao wakapanda madhabahuni kuhubiri. Hatimaye imani ikawatoka, aghalabu polepole na kwa sababu zisizofanana. Yupo aliyemwombea mgonjwa kwa miaka na asiuone uponyaji ulioahidiwa. Yupo aliyeisoma Biblia kwa makini kuliko alivyofundishwa kuisoma, akakuta maswali ambayo mwalimu wake wa Jumapili hakutaka yaulizwe. Yupo pia aliyechoshwa na mahubiri ya utajiri ambayo hayakumtajirisha yeyote isipokuwa mhubiri.

Makala haya hayakusudii kuamua kama watu hao wameongoka au wamepotea. Hoja yake ni kwamba haki ya mtu kuitilia shaka dini yake na kuondoka kwa amani, bila kupoteza jamaa, riziki wala heshima ya maziko, ni ngao ya wale wanaobaki kanisani pia. Yaliyofichuliwa katika msitu wa Shakahola, kaunti jirani ya Kilifi, ni sababu ya kutosha ya kuijadili haki hiyo bila woga.

Dini kama kambi

Mombasa imezoea watu kubadili dini, lakini haijazoea watu kuiacha bila kushika nyingine. Kisa mashuhuri zaidi ni cha Yusuf bin Hasan, mwana wa mfalme wa Mombasa, ambaye Wareno walimpeleka Goa akiwa mtoto baada ya babake kuuawa. Huko alilelewa na watawa wa shirika la Mtakatifu Agustino, akabatizwa na kuitwa Dom Jerónimo Chingulia. Alirudishwa nyumbani kutawala kwa niaba ya Ureno, lakini Agosti 1631 aliukana Ukristo, akarejea katika Uislamu na kumuua kamanda wa Fort Jesus. Wareno na Waafrika Wakristo waliokataa kumfuata waliuawa, na Kanisa Katoliki huwakumbuka kama mashahidi wa Mombasa. Katika kisa hicho hakuna aliyeruhusiwa kusimama kando.

Wamishenari walipokuja zaidi ya karne mbili baadaye, mambo hayakubadilika sana. Ludwig Krapf aliwasili Mombasa mwaka 1844, Johannes Rebmann akamfuata mwaka 1846, na kituo chao kikawa Rabai. Katika miaka ya 1870 kikaanzishwa kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kwa ajili ya watumwa waliookolewa baharini. Kwa mtu aliyenyang'anywa ukoo na kwao, ubatizo ulimaanisha mengi kuliko kukubali mafundisho. Ulimpa majirani, shamba, mume au mke na ulinzi.

Katika miaka ya karibuni kambi hizo zimekumbushwa kwa damu. Agosti 2012, baada ya Sheikh Aboud Rogo kuuawa kwa risasi, ghasia zilizuka mjini na makanisa yakashambuliwa. Machi 2014 watu wenye silaha waliwafyatulia risasi waumini waliokuwa ibadani kanisani Likoni. Viongozi wa dini wa Pwani wamefanya kazi ya kupongezwa kwa kuketi pamoja, Waislamu, Wakristo na Wahindu, ili kuzima uhasama. Hata hivyo, katika vikao hivyo amani huhesabiwa kuwa ni mapatano baina ya dini na dini. Mtu asiye na dini hana anayemsemea, na mara nyingi hata hafikiriwi kwamba yupo.

Kanisa kama ukoo

Ili kufahamu kwa nini kutoka ni kugumu, yafaa kuitazama Kilindini yenyewe. Jina hilo kwa wazawa si la bandari tu. Wakilindini, pamoja na Watangana na Wachangamwe, ndio Thelatha Taifa, sehemu ya Thenashara Taifa za Waswahili wa Mombasa. Mzawa huyo anajulikana kwa taifa lake, mtaa wake na msikiti wake. Mmijikenda naye ana ukoo wake na kaya yake.

Lakini ujenzi wa reli ulipoanza kisiwani mwaka 1896, na bandari ya Kilindini ilipokua, walikuja maelfu ya vibarua kutoka Taita, Ukambani, nchi ya Waluhya na Nyanza. Hao hawakuwa na taifa miongoni mwa yale kumi na mawili, wala kaya. Kwa wengi wao, kanisa ndilo lililokuwa ukoo mpya. Humo walimpata mtu wa kumwita ndugu na mtu wa kumwita mama. Humo walichangiwa walipougua, na humo zilichangwa fedha za kuusafirisha mwili wa marehemu hadi kwao bara.

Uamsho wa kilokole uliongeza joto juu ya msingi huo. Mwaka 1957 mhubiri Mmarekani T. L. Osborn alifanya mkutano wa injili Mombasa, na miongoni mwa waliookoka alikuwa kijana Joe Kayo, ambaye baadaye alianzisha Deliverance Church. Kwa hivyo, mji huu unaodhaniwa na wengi kuwa wa Kiislamu pekee ni mojawapo ya malango ambayo Upentekoste ulipitia kuenea nchini. Kufikia sensa ya 2019, Wakenya zaidi ya milioni 9.6, takriban mmoja kati ya kila watano, walijitambulisha kuwa wafuasi wa makanisa ya kiinjilisti.

Mtu wa namna hiyo anapopoteza imani, hasara anayoihofia kwanza mara nyingi haihusu mbingu wala jehanamu. Anajiuliza nani atasimamia harusi ya bintiye, nani atamdhamini apate kazi, nani atakuja hospitalini, na nani atamzika. Mke au mume aliyemwoa kwa sababu ya wokovu huenda akahisi amesalitiwa. Rafiki zake wote wako katika ushirika uleule wa nyumbani kila Jumatano. Ndiyo maana wengi huchagua kuendelea kuketi kitini kila Jumapili, wakiimba wasichokiamini, na wachungaji wao wasijue.

Pengine hali hiyo inasaidia kueleza takwimu zinazoshangaza. Sensa ya 2009 ilihesabu watu 922,128 waliosema hawana dini. Sensa ya 2019 ilihesabu 755,750, ilhali idadi ya Wakenya wote ilikuwa imeongezeka, na mjadala kuhusu ukanamungu ulikuwa umepamba moto kuliko wakati mwingine wowote. Maswali ya sensa aghalabu hujibiwa na mkuu wa nyumba kwa niaba ya wote walalao chini ya paa lake. Kijana mwenye shaka huandikwa kwa dini ya babake, na huenda yeye mwenyewe asingethubutu kujibu vinginevyo mbele ya wazazi.

Msamiati wa lawama

Lugha yetu nayo, kwa utajiri wake wote, haimpi mtu huyu jina lisilo na lawama. Kanisani ataitwa aliyerudi nyuma, aliyeanguka au muasi. Angekuwa ametoka katika Uislamu angeitwa murtadi. Magazetini ataitwa mkanamungu, na neno hilo limezoeleka hata likawekwa mahali lisipofaa.

Kukana ni kukataa jambo waziwazi. Wapo wanaokana kwamba Mungu yupo, na hao jina hilo linawastahili. Mwenye shaka ni mtu mwingine. Yeye husema hajui, na kwamba wale wanaodai kujua hawajamwonyesha wamejuaje. Wanafunzi wa fikihi wanaifahamu kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka. Mwenye shaka wetu angejibu kwamba alipoitafuta yakini yenyewe ndani ya moyo wake hakuiona, akaona ni unyofu kusema hivyo kuliko kujifanya anayo. Wakristo nao wana habari ya Tomaso, mtume aliyetaka kuona na kugusa majeraha kabla ya kusadiki. Injili haisemi kwamba wenzake walimfukuza kwa kuuliza.

Wahenga walisema asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Ni ajabu kwamba methali hiyo tunawafundisha watoto wote shuleni, kisha tunawapokonya wanapoifikisha kwenye dini.

Sheria imetangulia, desturi imebaki nyuma

Kisheria, mwenye shaka ana ulinzi mkubwa kuliko anavyodhani. Ingawa dibaji ya Katiba ya 2010 inautambua ukuu wa Mwenyezi Mungu, Kifungu cha 8 kinasema nchi haina dini rasmi. Kifungu cha 32 kinalinda uhuru wa dhamiri, dini, fikra, imani na maoni, na kukataza mtu kulazimishwa kutenda lililo kinyume cha imani yake. Sheria ya viapo inamruhusu shahidi asiye na dini kutoa tamko rasmi mahakamani bila kushika Biblia wala Kurani. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa ya kiserikali mbele ya msajili sawa na ile ya kanisani, ya Kiislamu, ya Kihindu au ya kimila.

Hata hivyo, mwaka 2016 ulidhihirisha jinsi desturi inavyoweza kuilemea sheria. Januari mwaka huo serikali ilirudi nyuma kuhusu rasimu ya kanuni za kuyasimamia mashirika ya kidini, baada ya makanisa na viongozi wa Kiislamu kulalamika kwamba uhuru wa kuabudu unaingiliwa. Mwezi uliofuata chama cha wakanamungu wa Kenya, kinachoongozwa na Harrison Mumia, kikasajiliwa. Kufikia Aprili usajili huo ulikuwa umesimamishwa, baada ya baadhi ya viongozi wa makanisa kukipinga na kwa hoja kwamba kilihatarisha amani na utulivu. Chama kilikwenda mahakamani na kimeendelea na shughuli zake. Lakini somo lilibaki: uhuru uleule wa Kifungu cha 32 ulidaiwa kwa sauti kuu Januari, na Aprili baadhi ya waliounufaikia hawakuona ubaya mwenzao akinyimwa.

Ni vyema kulinganisha hayo na tukio la Mei 2021. Katibu wa chama hicho, Seth Mahiga, alijiuzulu akieleza kwamba amempata Yesu Kristo. Chama chake kilitangaza habari hizo chenyewe na kumtakia heri katika imani yake mpya. Wengi walicheka mitandaoni. Lakini je, ni makanisa mangapi ya Mombasa ambayo yangetangaza kwa waumini kwamba mzee wao fulani hasadiki tena, na kumwombea heri bila kumtaja shetani?

Kuhusu maziko, sheria yenyewe inamwacha mtu huyu mashakani. Kesi ya wakili S. M. Otieno ya mwaka 1987, ambapo mahakama iliupa ukoo wa Umira Kager haki ya kumzika Nyalgunga kinyume cha matakwa ya mjane wake Wambui, ilionyesha kwamba maisha aliyojichagulia mtu mjini hayaamui lazima maziko yake. Mwenye shaka anayeacha wosia kwamba asihubiriwe kaburini hana hakika kwamba utafuatwa.

Si mgeni aliyeletwa na intaneti

Wapo wanaosema kwamba shaka ni maradhi ya kizungu yaliyoingia na simu za mkononi, na kwamba mwacha asili ni mtumwa. Hoja hii ina dosari. Ukristo wenyewe uliwasili Mombasa kwa merikebu, na methali hiyohiyo ingeweza kutumiwa dhidi ya Waafrika wa kwanza waliobatizwa.

Isitoshe, Wakenya walikuwa wakitangaza shaka kabla ya intaneti kuzaliwa. Mwaka 1970 Ngũgĩ wa Thiong'o, ambaye katika siku zake za Alliance High School alikuwa Mkristo mwenye bidii, alialikwa kuhutubia mkutano mkuu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki. Alianza kwa kuwaambia wenyeji wake kwamba yeye si mtu wa kanisa, wala si Mkristo. Msikilizaji mmoja alimjibu kwamba bado analibeba jina la James. Ngũgĩ aliona lawama hiyo ina mantiki, akaliacha jina hilo. Alifariki Mei 2025, nafasi yake katika fasihi ya bara hili ikiwa haina ubishi. Nchini Tanzania, Euphrase Kezilahabi alituachia riwaya za Nagona na Mzingile, zinazouliza maswali mazito kuhusu Mungu na maana ya kuishi kwa Kiswahili safi kabisa. Shaka, basi, imo katika maktaba yetu wenyewe.

Funzo la Shakahola

Aprili 2023 polisi walianza kufukua makaburi katika msitu wa Shakahola, kaunti ya Kilifi. Miili iliyopatikana ilizidi 400. Wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walidaiwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Uchunguzi wa maiti ulionyesha kwamba wengi walikufa kwa njaa, na kwamba wengine, watoto wakiwemo, walikuwa na dalili za kunyongwa au kupigwa. Mackenzie na wenzake walifikishwa katika mahakama za Mombasa na Malindi mwaka 2024 kwa mashtaka yakiwemo ya mauaji na ugaidi, wakakana. Mwaka 2025 makaburi mengine yalifukuliwa eneo la Kwa Binzaro, katika kaunti hiyohiyo.

Itakuwa dhuluma kuyafananisha makanisa yote ya kiinjilisti na Shakahola. Mengi yao yanaendesha shule na zahanati, na waumini wao wengi walilia kama Wakenya wengine. Lakini yafaa kuangalia jinsi mtego ule ulivyofanya kazi. Waumini waliacha kazi, wakauza mali, wakawatoa watoto shuleni, wakakata mawasiliano na jamaa na kuhamia msituni. Kila hatua ilifunga mlango mmoja nyuma yao. Yule aliyeanza kushuku hakuwa tena na nyumba ya kurudia wala jamaa wa kumpigia simu bila aibu. Hata baada ya kuokolewa, 65 kati yao waliokataa chakula walishtakiwa katika mahakama ya Shanzu, Juni 2023, kwa kosa la kujaribu kujiua. Yaani aliyenaswa alifanywa mshtakiwa.

Serikali ilijibu kwa tume, jopo na mswada wa mashirika ya kidini uliofikishwa katika Seneti mwaka 2024. Huenda usajili wa wachungaji ukasaidia. Hata hivyo, cheti ukutani hakimzuii mhubiri kudai utiifu usio na maswali. Kinachomzuia ni muumini anayejua kwamba anaweza kusema hapana, akatoka nje, na akakuta nyumbani kwake bado ni nyumbani. Jamii inayomfanya mwenye shaka aishi kama mkoma inamfundisha kila muumini kwamba kuondoka ni balaa kuliko kubaki, hata pale ambapo kubaki ni kufa.

Kifanyike nini?

Wapo wachungaji wanaohofu kwamba shaka ikipewa nafasi, vijana wataharibika kimaadili. Hofu hiyo isidharauliwe, kwa kuwa mtu aliyeng'olewa katika jumuiya yake ghafla huweza kupotea kweli, kwa upweke na hata ulevi. Lakini dawa yake ni kutomng'oa. Kanisa likimhesabu kuwa jirani, likaendelea kumchangia anapougua na kumwalika harusini, litakuwa limehubiri kuliko mkutano wowote wa Tononoka. Familia nazo zitambue kwamba mwana aliyekoma kusali hajakoma kuwa mwana.

Shuleni, mtaala unatoa elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu. Mtoto wa mzazi asiye na dini analazimika kuchagua mojawapo. Somo la maadili lisiloegemea dini yoyote lingemfaa huyo, na pengine lingewafaa na wenzake.

Wenye shaka nao wana wajibu. Baadhi yao wametosheka na kuwakejeli waumini mitandaoni, kazi isiyomzika maiti wala kumlipia karo mtoto. Nchini Uganda, watu wa msimamo wa utu bila dini wameanzisha shule zinazopokea watoto wa dini zote, kama vile Isaac Newton karibu na Masaka na Mustard Seed huko Kamuli. Nchini Marekani, tangu 2011 kuna mradi unaowasaidia wachungaji waliopoteza imani kupata wenzao wa kuzungumza nao na njia mpya ya riziki. Huko Uskoti, ndoa zinazosimamiwa na wanautu wasio na dini zinatambuliwa kisheria tangu 2005. Mombasa hakuna kinachozuia kikundi cha namna hiyo kuanza na jambo dogo kabisa: chama cha kuzikana, chenye daftari, mweka hazina na mchango wa kila mwezi, kisichomwuliza mwanachama anasali wapi.

Kilindini imepokea kila aina ya shehena na kila aina ya mgeni, na kisiwa hiki kimejifunza, kwa gharama kubwa, kuishi na misikiti, makanisa na mahekalu katika barabara zilezile. Anayesema hajui ni mkazi wa barabara hizo pia. Analipa kodi, anahudhuria matanga ya majirani, na siku moja naye atahitaji watu wa kulibeba jeneza lake.